Majivu, Karanga na Matuta Mawili ya Wamaza

Mwaka huu nimeacha kazi ya ualimu. Walimu vijana wa Kasongo na wa Kabambare wameniomba niandike jinsi tulivyokuwa tukifundisha somo la vitu, lile ambamo mtoto anazoezwa kuuliza jambo, kulijaribu na kulitazama kabla ya kulisema. Sitaandika juu ya vyeo. Vilikuwa vichache, na sikumbuki kimoja kilichonifundisha kitu. Nitaandika juu ya majivu, kwa sababu ndiyo yaliyonifundisha kazi hii nilipodhani naijua tayari.

Nilitoka shule ya walimu nikiwa na sanduku la mbao, suruali fupi mbili nyeupe na maneno mengi ya Kifaransa. Nilipewa darasa la pili hapo Kasongo. Somo langu la kwanza la vitu lilikuwa hewa. Kitabu kilitaka gilasi na beseni la maji. Gilasi sikuwa nayo, nikachukua kibuyu, nikakipindua, nikakizamisha ndani ya ndoo. Nikawaambia watoto kwamba maji hayakuingia kwa kuwa hewa imeyazuia. Watoto hawakuweza kuona ndani ya kibuyu, wala mimi, lakini walirudia maneno yangu kwa sauti moja mpaka yakawa kama wimbo. Nilitoka darasani nimeridhika.

Mkuu wa shule alikuwa Mwalimu Anselme, mtu mwembamba aliyezeekea katika vumbi la chaki. Alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Aliniuliza kama nimeiona hewa. Nikasema hapana. Akauliza kama watoto wameiona. Nikasema hapana.

"Basi umewafundisha katekisimu ya hewa," akasema. "Katekisimu tunayo tayari, kila asubuhi."

Siku iliyofuata alileta gilasi kutoka nyumbani kwake, zawadi ya arusi ya mke wake. Alibandika kipande cha pamba ndani, chini kabisa, kisha akawauliza watoto: nikiipindua na kuizamisha, pamba italowa au haitalowa? Karibu wote walisema italowa. Akaizamisha, akaitoa, pamba kavu. Hawakuamini. Wakaomba wajaribu wenyewe, naye akawaachia, mmoja baada ya mwingine, mpaka gilasi ikaanguka ikavunjika. Mwalimu Anselme aliokota vipande, akasema kwamba somo limekwisha na limefaulu. Mke wake hakusema naye mpaka Jumapili.

Ni yeye aliyenipa mbinu ya vidole. Kidole gumba: uliza. Cha pili: kisia. Cha tatu: jaribu. Cha nne: tazama. Kidole kidogo cha mwisho: sema. Alikuwa akiwaambia watoto kwamba kusema ni kidole kidogo kuliko vyote, na kwamba watu wengi wana mkono wenye kidole hicho kimoja tu. Nimetumia vidole hivyo miaka yote. Kushinda vyema mtihani wa vidole, hata hivyo, si kazi kubwa. Mimi niliushinda kila mwaka.

Kosa langu la miaka ile ya kwanza lilikuwa fimbo. Zamani hizo fimbo ilikuwa sehemu ya vifaa vya darasa, pamoja na chaki na kitambaa cha kufutia ubao, na hakuna aliyeuliza habari zake. Lakini mimi niliitumia mahali ambapo haikuwa na kazi: nilimpiga mtoto aliyekisia vibaya. Nilidhani ninaondoa uvivu. Mtoto aliyechapwa kwa kukisia hakisii tena. Anakutazama usoni ili ajue wewe unataka jibu gani. Baada ya miaka michache nilikuwa na watoto hodari sana wa kusoma uso wangu.

Nikiwa na tabia hiyo ndipo nilipohamishwa Wamaza. Lori lilinifikisha Kabambare, na kutoka hapo nilikwenda kwa miguu, nyuma ya mtu aliyebeba sanduku langu na kunisimulia njia nzima juu ya chui ambaye hatukukutana naye. Shule ilikuwa ya udongo na nyasi, yenye ubao mmoja uliopasuka katikati. Mizani nilitengeneza mwenyewe: ufito wa mwanzi, kamba katikati, na mkebe wa sadini kila upande. Mizani hiyo ilikuwa kifaa changu bora kuliko vyote, na ilipima sawasawa ilimradi upepo usivume.

Katika darasa la nne nilikuwa na mtoto aitwaye Amisi, mwana wa fundi cherehani, Bwana Assani. Siku moja tulikuwa tukisoma juu ya karanga, na Amisi akasema kuwa mama yake hunyunyizia majivu kwenye shina wakati maua yanapotoka, la sivyo karanga zinakuwa tupu. Mwingine akasema bibi yake hajawahi kutia majivu na karanga zake zinaliwa. Wakaanza kutukanana mashamba. Nikafurahi, maana swali limetoka kwao wenyewe, kidole gumba kimejiinua bila kuinuliwa. Nikawaambia tutapanda matuta mawili nyuma ya shule, kwenye udongo uleule uliochoka, mbegu zilezile, siku ileile. Moja litapata majivu, jingine halitapata, na kitu kingine chochote kisitofautiane.

Ili wakumbuke tuta lipi ni lipi, nikayapa majina. Hili, nikasema, ni mke mkubwa, na hili ni mke mdogo. Mkubwa atapewa majivu, mdogo atanyimwa. Darasa zima likacheka, na mimi nikadhani kicheko ni dalili ya kuelewa.

Mimi nilikuwa mtu wa mke mmoja na wa misa. Zaidi ya nusu ya watoto wale walitoka katika nyumba zenye majiko mawili au matatu. Katika nyumba za namna hiyo mtoto anajifunza mapema kwamba baba akileta samaki, anamkata katikati mbele ya macho ya wote, na akileta kitambaa, kinapimwa kwa mkono, kipande hiki na kipande hiki. Baba anayesahau huambiwa na wazee, tena kwa sauti. Nililijua jambo hilo kama mtu anavyojua habari za jirani, na sikulitia maanani.

Kabla ya Noeli tuling'oa karanga. Matuta yote mawili yalikuwa yamezaa vizuri. Tukapima kwa mizani, mkebe kwa mkebe, na ufito ukakaa kama umelala usingizi. Nikaandika ubaoni: majivu hayaongezi kitu. Inspekta wa shule alipita wiki hiyo, akasifu unyofu wa matuta na usafi wa mwandiko. Watoto walikuwa wametulia kuliko kawaida. Nikadhani wamemwogopa inspekta.

Mapema mwaka uliofuata, wakati wa kupanda tena, Mama Zaina alikuja shuleni baada ya watoto kutawanyika. Alikuwa mke mdogo wa Bwana Assani. Mimba yake ilikuwa imekwisha kuonekana. Shamba lake lilikuwa ng'ambo ya kijito, ubavuni mwa shamba la mke mkubwa, Mama Amisi, na kila msimu walibeba majivu kutoka jikoni kwa vikapu, wakishuka bondeni na kupanda upande wa pili.

"Mwalimu, Amisi anasema mumepima majivu," akasema.

"Tumepima."

"Na iko na kazi ao haina?"

Nilipaswa kumwambia kwamba tumejaribu mara moja tu, mahali pamoja tu. Mwalimu Anselme angemwambia hivyo. Mimi nilimwambia haina kazi, apumzishe mgongo wake.

"Usinidanganye, Mwalimu. Unajua vile niko kwa bwana."

Nilijua, na Wamaza yote ilijua. Msimu uliotangulia Mama Zaina alikuwa mgonjwa na mavuno yake yalikuwa haba. Bwana Assani alisema mbele ya watu kwamba mwanamke asiyejaza kapu aende akapumzike kwa kaka zake Nyangwe, na kwamba atavumilia msimu mmoja zaidi. Hakuwa mtu mkatili. Alikuwa mtu aliyesema mambo mbele ya watu, na mtu wa namna hiyo hulazimika kuyatenda. Nikamrudishia Mama Zaina jibu langu lilelile. Akaniamini.

Mama Amisi, nilivyosikia, alicheka alipoambiwa. Alisema Mwalimu amesoma, lakini mikono yake yeye imezoea, na majivu hayaombi chakula, acha ayabebe tu. Mama Zaina, aliyemwita yaya kama mtu anavyomwita dada yake mkubwa, alimtania kwamba anapenda mzigo kuliko mume. Hivyo shamba moja likapata majivu na la pili halikupata. Nilipita hapo mara nyingi nikienda kijitoni. Mashamba yote mawili yalikuwa ya kijani, majani yameshikana. Niliwaonyesha wanafunzi wangu kwa kidole. Karanga huficha siri yake chini ya udongo, na mimi nilikuwa nikitazama majani.

Mwanzoni mwa kiangazi, katikati ya somo la hesabu, Mama Zaina alisimama mlangoni mwa darasa na mtoto mchanga mgongoni na mzigo wa karanga zilizong'olewa kichwani. Aliutua sakafuni. Akachuma ganda moja, akalibonyeza kati ya vidole, likabonyea kama karatasi. Akachuma la pili, na la tatu.

"Yote iko hivi, Mwalimu. Toka mwanzo wa shamba mpaka mwisho."

Hakupaza sauti. Akasema mume wake yuko Kabambare anashona, atarudi Jumamosi, na kwamba shamba la yaya limezaa. Kisha akaenda zake, akaniachia mzigo.

Niliwauliza watoto nini kilitokea kwenye matuta yetu. Walitazama uso wangu, kama nilivyowazoeza, na safari hiyo uso wangu haukuwa na jibu la kuwapa. Ndipo wakatazama fimbo. Nikaichukua, nikaitupa nje kupitia dirishani. Sikufanya hivyo kwa ushujaa, nilihitaji kujua. Mmoja aliyekaa karibu na dirisha akachungulia kuona imeangukia wapi.

Amisi akasimama. "Tulitia majivu kwa mke mdogo pia," akasema.

"Nani alitia?"

"Sisi wote. Kwa zamu."

"Nilisema asipewe. Kwa nini mulimpa?"

Akanitazama kama mtu anayemweleza mgeni jambo la nyumbani. "Mwalimu, kosa lake lilikuwa nini? Baba akipa huku anapa na huku. Tuliona unaleta mambo katika nyumba."

Nikauliza kwa nini hawakuniambia. Jibu lilikuwa limelala nje kwenye nyasi.

Jumamosi nilikwenda kwa Bwana Assani. Nilikuwa nimepanga maneno yangu: kwamba kosa ni langu, kwamba mke wake alinitii mimi, na kama kuna mtu wa kupelekwa Nyangwe basi ni mwalimu. Nilimkuta anafungua cherehani kutoka nyuma ya baiskeli. Mbele ya nyumba mbili, juu ya mkeka mmoja, palikuwa na makapu mawili ya karanga, yamejaa kiasi kilekile, si kwa wingi, lakini sawasawa kama vipande vya kitambaa vilivyopimwa na fundi. Mama Zaina alikuwa ananyonyesha, macho yake yako chini. Mama Amisi alikuwa anamenya karanga kwenye sahani kama mtu asiye na habari na lolote.

"Karibu, Mwalimu," Bwana Assani akasema. "Umekuja kuona kazi yako? Huyu ametia majivu, huyu hakutia. Ona." Akatia mkono katika kapu hili na kapu lile, akatafuna kutoka kote. "Sawasawa. Masomo yako si ya bure."

Nikafungua kinywa. Mama Amisi akaninyoshea sahani, karibu mno na kifua changu, bila kuniangalia.

"Kaa, Mwalimu. Kula kalanga," akasema.

Nikakaa, nikala. Karanga zilikuwa nzuri. Bwana Assani akanisifu mbele ya wake zake kwa muda mrefu, nami nilimeza sifa pamoja na karanga.

Nimefikiri mara nyingi juu ya ukimya ule. Kama ningesema, Mama Zaina angefunga mizigo, na zawadi ya Mama Amisi, aliyeyakata mavuno yake katikati, ingemwagika mchangani. Ukimya wa siku ile siujutii. Ninajutia ule uliofuata. Nilimwambia Mama Zaina ukweli juu ya matuta juma lilelile, ili arudie majivu yake, nikaishia hapo. Bwana Assani alikuwa mtu wa kusema huku anashona, na alishona kwa ajili ya watu wa Kabambare wote. Alieneza habari kwamba majivu ni kazi bure na kwamba ameona kwa macho yake makapu mawili. Ningeweza kuwaambia wanawake kijitoni, au kuwatuma wanafunzi kwa mama zao. Nilingoja kiangazi kizima, nikijiambia kwamba bado natafuta namna isiyomvunjia mtu heshima, na heshima niliyokuwa nailinda zaidi ilikuwa yangu. Mvua zilipoanza, nyumba kadhaa za Wamaza na za njia ya Kabambare zilipanda bila majivu. Nazijua, kwa sababu wanawake wa nyumba hizo walinishukuru njiani kwa kuwapunguzia mzigo. Na mimi nikaitikia.

Ndipo nikarudi kwenye matuta. Safari hii hayakuwa na majina. Lilikuwa tuta la kulia na tuta la kushoto. Niliwaambia darasa kwamba jaribio letu la kwanza liliharibika kwa kosa la mwalimu, na kwamba la kushoto halitapata majivu. Nilikuwa nimemaliza kusema hivyo tu Amisi akainua mkono.

"Na lile la kushoto, kosa lake nini?"

Swali lilikuwa lilelile, ila sasa lilikuja mapema, wakati linafaa. Nikamjibu kwamba halina kosa. Linakaa na njaa ili sisi tujue, na deni hilo tutalilipa: karanga za matuta yote mawili, zikishapimwa mbalimbali, zitaingia chungu kimoja na kuliwa sawasawa, na msimu utakaofuata tuta la kushoto ndilo litakuwa la kwanza kupewa majivu. Wakajadiliana wao kwa wao, kwa ukali, kama wazee wa ukoo. Wakakubali. Sikuwaambia kwamba mpango huo nilikuwa nimeuona juu ya mkeka wa Mama Amisi.

Walimu vijana, hili ndilo jambo la kazi ninalotaka mlichukue. Vitabu vinaagiza vitu viwili vilinganishwe, kimoja kipewe na kingine kinyimwe, kana kwamba kunyima ni jambo jepesi. Kwa mtoto aliyelelewa vizuri si jepesi. Mweleze kwanza kunyima huko ni kwa ajili ya nini, na kutakwisha lini, la sivyo atakwenda nyuma yako na kurekebisha ulimwengu. Mmoja wa watoto wangu aliniambia baadaye kwamba jioni moja alifika mpaka tutani na konzi ya majivu, akasimama, akarudi nayo nyumbani. Alikuja kuniambia kwa hiari yake. Fimbo sikuwahi kuitafuta.

Siku ya kung'oa niliwaita wazazi. Walikuja wengi, pamoja na wanawake wale waliokuwa wakinishukuru. Niliwaambia kwa kifupi kwamba mara ya kwanza nilisema kabla ya kutazama vizuri, na kwamba leo watatazama wenyewe, nami nitakaa kimya. Watoto wakang'oa, wakamenya, wakatia punje kwenye mikebe. Upande wa kulia ukashuka kwa nguvu mpaka mkebe wa kushoto ukarushwa, ukaanguka. Wanawake wakaokota maganda ya tuta la kushoto, wakayabonyeza. Mmoja akaniuliza kwa upole nani atamrudishia msimu wake. Swali hilo ninalo mpaka leo.

Bwana Assani alisogea mbele. Akabonyeza ganda, akabonyeza jingine, akaendelea kwa utaratibu kama mtu anayekagua vifungo vya shati. Mama Zaina alikuwa pale, mtoto mgongoni. Kapu lake la msimu huo lilikuwa limekwisha jaa nyumbani, kutoka shamba lake mwenyewe, kwa majivu aliyobeba mwenyewe, na safari hii alimtazama mume wake usoni. Lakini Bwana Assani hakuwa anamtazama yeye.

"Mama Amisi," akasema. "Kapu lile la pili, la mavuno yaliyopita. Lilitoka wapi?"

Mama Amisi alikuwa ameinama anawasaidia watoto kukusanya punje za kulia na za kushoto, anazitia chungu kimoja kama tulivyoahidiana. Hakuinuka.

"Lile tulishalila, Baba Amisi," akasema. "Na wewe ulikula."